Kumtafutia Mama Mkate

Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikiandika yanayosemwa na watu wengine, bila kuongeza wala kupunguza, na shahidi akilia mimi huandika kwamba shahidi alilia. Haya ya safari ya Bagamoyo ni yangu mwenyewe, lakini mkono umeshazoea, kwa hiyo nitayaandika vilevile.

Baba alifariki Pangani, katika nyumba ileile aliyomwingiza Mama alipomwoa. Mama akakaa eda miezi minne na siku kumi, hakuvuka kizingiti, nasi watoto wake wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, tukawa tunapokezana kwenda kukaa naye. Siku alipotoka eda alioga, akavaa nguo mpya, akaagana na majirani, tukampandisha kwenye gari tukamleta kwangu Tegeta. Hakukataa. Hilo peke yake lilitutia wasiwasi, kwa sababu Mama hajawahi kukubali jambo kabla ya kulikataa.

Tatizo likawa kula. Si kwamba aligoma. Alikuja mezani kila alipoitwa, akasema bismillahi, akatia tonge moja mdomoni, akasema alhamdulillahi, akanishukuru, akanyanyuka. Mchana tonge moja, jioni tonge moja, asubuhi nusu kikombe cha chai ya rangi. Baada ya wiki tano magauni yake yalikuwa yanamning'inia. Nikampeleka hospitali. Daktari akampima kila kinachopimika, hakuona kitu, akaandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa ale. Nikaibandika karatasi ile kwenye mlango wa friji. Mama aliisoma kwa makini, akasema kwamba kwa daktari, mwandiko ule si mbaya.

Nilimpikia kila nilichokijua. Nilipika samaki wa kupaka, nilipika kunde za nazi, nilipika bokoboko, ngano na nyama zinazopondwa mpaka zishikane, kazi ya kumtoa mtu bega. Bokoboko alikula kijiko kimoja, akasema limekubali, akaniambia nikapumzike. Niliogopa. Nayaandika haya waziwazi hapa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu: niliogopa kwamba mwaka hautaisha kabla hatujazika wawili, na huyo wa pili atakuwa amefia mezani kwangu, mbele ya sahani iliyojaa.

Mdogo wangu yeye hakuogopa, yeye alikuwa na nadharia. Ni mtu wa mitandaoni, na watu wa mitandaoni hawakosi nadharia. Alisema Mama amechoshwa na mandhari. Alisema siku hizi watu wa Dar wikiendi hawanywi chai nyumbani, wanakwenda kula kitu kinachoitwa branchi, na kwamba kuanzia Bunju mpaka Bagamoyo kuna migahawa na bekari za kila namna, mtu akikaa pale na upepo wa bahari hamu inarudi yenyewe. Mama akauliza branchi ni nini. Mdogo wangu akamweleza kuwa ni chai na chakula cha mchana vikiliwa pamoja mnamo saa tano, kwa watu waliochelewa kuamka. Mama akauliza kama ni wagonjwa.

Hata hivyo alikubali, kama alivyokuwa anakubali kila kitu. Mdogo wangu akaandika orodha ya sehemu nne kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Mume wangu ndiye aliyeendesha gari. Anapenda kuendesha, kwa sababu mtu akiwa kwenye usukani hakuna anayemwomba maoni.

Sehemu ya kwanza ilikuwa mgahawa wa ufukweni, mbele ya Bunju, wenye viti vya kamba na miavuli ya makuti. Mhudumu, binti mchangamfu mwenye aproni nyeusi, alikuja akasema, karibuni sana, mambo vipi. Mama akatazama bahari. Binti akarudia. Mama akaendelea kutazama bahari. Mimi naujua mtazamo ule, alikuwa anangoja shikamoo, na angeweza kuingoja mpaka alasiri. Mdogo wangu akamnong'oneza binti. Binti akasema shikamoo bibi, Mama akageuka kama mtu aliyeamshwa, akasema marahaba mwanangu, hujambo, wazima nyumbani? Kutoka hapo ikawa robo saa nzima. Tukajua kwamba binti ni wa Handeni, kwamba mama yake anasumbuliwa na magoti, na kwamba mwenye mgahawa hapendi wafanyakazi wakae, jambo ambalo binti alilisema akiwa amekaa.

Chakula kilipokuja kilikuwa kipande cha mkate uliochomwa, juu yake parachichi iliyopondwa, juu yake yai. Mama akaligusa yai kwa ncha ya kisu, kiini kikamwagika. Akaomba kwa upole lirudishwe jikoni likamaliziwe. Likarudi gumu kama golori. Akasema sasa ni yai, akashukuru, hakuligusa tena. Wakaleta kahawa ya maziwa iliyochorwa jani juu ya povu. Mama akasema kuharibu kazi ya mtu mbele ya macho yake si vizuri. Tukakaa tukilitazama lile jani mpaka povu likatulia na jani likapotea lenyewe. Hapo Mama akasema kahawa imeshapoa.

Mwisho wakaleta kroisanti, andazi la Kifaransa lenye pembe mbili na uwazi ndani, ambayo mdogo wangu aliisifu tangu tulipotoka nyumbani. Mama akaipasua katikati, akachungulia. "Hodi," akasema. Akaonja pembe moja, akaiweka. Mimi nilikuwa nahesabu, na hesabu ikawa tonge moja dogo na mafunda mawili ya maji.

Tulipofika Zinga ilikuwa imekaribia adhuhuri. Pale kuna bekari ndogo kando ya barabara, chumba kimoja na banda nyuma, na mdogo wangu alikuwa amesoma kwamba wanaoka kwa tanuri la kuni. Mwenye bekari alikuwa mtu mzima mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Hapa lazima nieleze kwamba Mama naye ni mtu wa mkate. Kule Pangani amepika mkate wa kumimina miaka arobaini, ule wa mchele uliosagwa na tui la nazi na iliki, unaomiminwa kwenye sufuria na kupaliwa makaa juu na chini. Watu walikuwa wanamwagizia wa harusi na wa Ramadhani, na wengine walitoka Tanga kuufuata. Tangu Baba afariki hakuwa amegusa hata kinu.

Basi alipoona tanuri, uso wake ukabadilika. Aliomba aone ndani. Alisogeza kiganja mdomoni mwa tanuri, akakitoa, akamwambia yule bwana moto wake umelala upande mmoja. Bwana akasema anajua, tofali limepasuka. Wakabishana kuhusu hamira. Wakakubaliana kuhusu chumvi. Mdogo wangu akanifinya mkono, nami nikaanza kumshukuru Mungu mapema, jambo ambalo ni kosa. Bwana akatoa skonzi ya moto, akampa Mama kwa mikono miwili. Mama akainusa, akaigeuza, akaigonga chini kwa kidole akiisikiliza. Akasema imeiva barabara, hongera. Kisha akanigeukia akanitilia mkononi.

"Kula wewe," akasema.

Kwenye gari nilimgombeza mama yangu. Sikuwahi kufanya hivyo maishani, na wasomaji wa pwani wanajua uzito wake. Nilimwambia, "Mama, unataka tukufanye nini?" Nilisema kwa sauti ambayo mtu akiitoa mahakamani huambiwa atulie. Akajibu kwamba ameshiba. Nikamuuliza ameshiba nini. Mume wangu alikuwa anatazama kipimo cha mwendo, na gari lilikuwa limesimama. Mimi nikaila ile skonzi kwa hasira, yote, nikitazama dirishani. Ilikuwa nzuri sana, jambo ambalo lilinizidishia hasira.

Tulilala Bagamoyo kwenye nyumba ya wageni. Nilimwomba Mama radhi kabla ya kulala, naye akanipa, akasema gari huwa linapandisha watu joto.

Jumapili asubuhi sehemu ya tatu ilikuwa hoteli ya upande wa Kaole, ambako chakula kilipangwa kwenye meza ndefu na kila mgeni alibeba sahani akajipakulia. Mama alisimama mlangoni akaangalia. Akasema tangu azaliwe hajaona mgeni akikaribishwa kwa kuambiwa akajipakulie, na kwamba labda wenye hoteli hawakujaliwa watoto wa kuwatuma. Akala kipande cha papai. Mdogo wangu alipiga picha meza yote, kisha akapiga picha ile sahani ya Mama, kisha akaifuta hiyo ya pili.

Ikabaki sehemu ya nne. Mdogo wangu aliiweka mwisho makusudi, kwa sababu ilikuwa ndiyo turufu yake. Ilikuwa nyumba ya mtu, mitaa ya zamani ya Bagamoyo, haina bango, inajulikana kwa waliokwisha kufika. Mama mmoja pale hupika mkate wa kumimina na kuuza Jumapili kuanzia saa nne, watu wanakaa barazani mwake wanakula na chai ya maziwa. Kwenye simu kulikuwa na picha ya mkate wenyewe na maelekezo: nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Tulipofika karibu uchochoro ulikuwa mwembamba, mume wangu akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari, sisi wanawake watatu tukaendelea kwa miguu. Harufu ya iliki na nazi ikatupokea kabla ya kuuona mlango. Tukaifuata harufu, na hivyo badala ya kutokea mbele ya nyumba tukatokea nyuma, uani.

Uani kulikuwa na wanawake watatu wamejifunga kanga viunoni, na masufuria makubwa juu ya mafiga. Kwenye sinia mikate ya kumimina ilikuwa imepangwa, mizima, kama kumi na mbili. Mdogo wangu akawaamkia, akauliza kama hapa ndipo penye mkate wa kumimina. Mmoja akasema, ndipo, na upo mwingi, piteni ndani mkakae na wenzenu. Mdogo wangu akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Akaomba kupiga picha ya mikate. Yule mama akajitanda vizuri, akasimama nyuma ya sinia.

Mama alikuwa ameshavua viatu. Niliona akiinua kanga ya mabegani akajifunika kichwa, nikadhani ni jua.

Ndani kulikuwa na wanawake kama thelathini juu ya mikeka, wote wamejitanda, ubani unafuka kwenye chetezo, na kila mmoja ana juzuu mapajani, anasoma kwa kunong'ona. Mimi ni mtu wa pwani, sihitaji kuambiwa mara mbili hitima, kisomo cha marehemu, ikoje. Lakini nilipoelewa, wanawake wawili walikuwa wameshasogea kutupa nafasi na wa tatu alikuwa amemshika mdogo wangu mkono anamkalisha. Na sheria ya kwetu inajulikana. Ukikosea duka unaomba radhi unatoka. Ukiingia kwenye hitima hutoki kabla ya dua, na ikishasomwa dua hutoki kabla ya kula. Hakuna rufaa.

Mdogo wangu aliingiza simu kwenye mkoba kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Akanitazama, nikamtazama. Nilimgeukia Mama nimweleze kwa sauti ya chini kwamba tumekosea nyumba. Mama alikuwa ameshapewa juzuu, ameifungua, anasoma bila miwani. Baadaye aliniambia alijua tangu uani, kwa sababu hakuna muuza mikate anayemwambia mteja akakae na wenzake. Nilimuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema tulikuwa tumehangaika naye siku mbili, hakutaka kutuvunja moyo.

Ya upande wa wanaume niliyasikia kwa mume wangu, nayaandika kama alivyoyatoa. Alifika mbele ya nyumba akiwa anasoma matokeo ya mpira kwenye simu. Akaona turubai, akaona viti, akakaa. Mtu akasimama mbele yake na kitu chembamba chenye jalada, naye bila kuinua macho akanyoosha mkono, akidhani ni orodha ya vyakula. Alipoifungua akakuta ni juzuu ya kumi na nane. Qurani hugawanywa juzuu thelathini, kila mtu na yake, na dua haiombwi mpaka wa mwisho amalize. Mume wangu ni mwema lakini si mwepesi wa kusoma. Anasema watu ishirini na tisa walimaliza, wakafunga, wakaweka mikono magotini, wakamngoja. Sheikh akamwambia asiwe na haraka. Anasema hajawahi kusoma kwa hofu namna ile tangu madrasa.

Kwa hiyo sisi ndani tulikaa muda mrefu, bila kujua kwamba wa kumshukuru au kumlaumu ni mume wangu. Mwanamke mmoja mtu wa makamo akaja kutuuliza tumetoka wapi. Nilifungua mdomo nikiwa na uongo wa adabu tayari, kwamba tunafahamiana na jamaa wa marehemu. Mama akanitangulia. Akasema sisi ni wapita njia, asili yetu Pangani, tumefuata harufu ya mkate tukaingia. Yule mwanamke hakushangaa hata kidogo. Akasema mgeni njoo mwenyeji apone, akatueleza: ni arobaini ya baba yake, na mama yake ndiye yule kwenye kona.

Kwenye kona, juu ya mkeka wa peke yake, alikaa mwanamke mwembamba ameegemea ukuta, amejitanda kanga nyeupe. Alikuwa katikati ya eda. Ndiye aliyekuwa anapika mkate na kuuza Jumapili. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imetuleta kwenye nyumba yenyewe hasa, ila habari ya msiba haikuwamo.

Mama akauliza kama anaweza kusogea pale. Akamwambia yule binti wa marehemu kwamba na yeye ametoka eda hivi karibuni. Wakampisha.

Dua ikaombwa, masinia yakaanza kuingia. Sinia moja watu wanne: pilau, nyama juu, pembeni mkate wa kumimina uliokatwa. Binti wa marehemu alipita na birika na beseni akitunawisha, na alipofika kwangu alichelewa kidogo. Alisema tusimwone mama yake ni mtu wa kujisikia akiacha chakula. Hali, akasema, siku arobaini hizi hali, anaonja tonge moja anasema ameshiba. Nilitaka kumwambia kitu cha kumfariji, kwa sababu alikuwa na uso niliouona kwenye kioo changu kila asubuhi. Nilimwambia tu, na wangu.

Sinia la kona lilikaliwa na mjane, Mama, mimi na huyo binti. Binti akasema, "Mama, kula upate nguvu." Mjane akasema ameshiba.

Mama akachukua kipande cha mkate, akakigeuza chini juu. Mjane akamwangalia.

"Umeungua chini," akasema mjane.

"Makaa ya chini yamezidi," akasema Mama. "Na tui la pili limetiwa mapema."

"Mimi wamenizuia jikoni. Wanasema nipumzike."

"Na mimi hivyo hivyo."

Nilikuwa nimekaa pale, nusu mita kutoka kwake. Tangu siku ya kwanza alipofika Tegeta nilikuwa nimemkataza Mama asiingie jikoni kwangu, nikajiona mtoto mwema. Nilitazama pilau.

Wenzetu kwenye masinia mengine walikuwa wanakula na kuongea kwa sauti za kawaida, maana hitima si mahali pa huzuni mpaka mwisho. Kisha Mama akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria hata ningepewa mwaka.

"Mlikuwa mkila sahani moja?"

Mjane aliugusa ukingo wa sinia. "Moja," akasema.

"Na sisi. Nyama nzuri namsogezea yeye, yeye anairudisha kwangu, inazunguka mpaka inapoa." Mama aliongea taratibu, kama anaeleza namna ya kuloweka mchele. "Sasa naletewa sahani yangu peke yangu. Naiangalia. Nianzie wapi?"

Mjane alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akachagua kipande cha nyama, si kikubwa, akakisogeza mbele ya Mama. Mama akakirudisha. Mjane akakisogeza tena. Kilipita juu ya pilau mara mbili, tatu, mimi na binti tumekaza macho kama watu wanaotazama bao. Mama akakishika. Akakimega, nusu akamwekea mwenzake, nusu akaitia mdomoni. Mjane akala ile yake.

Halafu wakala mkate, wakimponda mpishi tonge baada ya tonge. Uliungua chini, haukuumuka sawa, iliki ilitiwa kwa mkono wa bahili. Walikula vipande vitatu kila mmoja. Mimi niliyehesabu matonge tangu Tegeta nilipoteza hesabu, kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona sinia. Binti alinishika goti chini ya kanga. Shahidi alilia.

Tulipoondoka hakuna aliyetuuliza lolote zaidi ya kututakia safari njema, na mdogo wangu akafungiwa mkate mzima kwenye gazeti. Mume wangu aliagwa na wanaume wengi kwa heshima, wengine wakimwita sheikh, nadhani kwa utani. Kwenye gari Mama alilala mpaka Mapinga. Nami nilikaa nikiikumbuka meza yangu ya kioo ya watu sita, sahani sita, na kila mtu na uma wake. Wiki tano nilimketisha pale. Hakulalamika, kwa sababu ilikuwa nyumba ya mwanawe na mgeni hasemi meza imemshinda. Na nyumbani kwao Pangani nimekulia nikiwaona wao wawili na sahani yao moja kila siku, nikaona ni kama ukuta au mlango, kitu ambacho kipo tu.

Jumatatu mchana nilirudi kutoka mahakamani mapema. Nilimkuta Mama sebuleni na radio. Nilipakua wali na samaki kwenye sahani moja kubwa, sikuiweka mezani, nikatandika mkeka. Nikamwita. Akaja, akaiangalia ile sahani, kisha akanitazama mimi niliyekwisha kukaa. Akaketi, nami nikadhani nimemkosea vibaya.

"Hapo ulipokaa," akasema, "ndipo alipokuwa anakaa baba yako. Mkono wangu wa kushoto."

Nikaanza kunyanyuka nihame. Mama akanishika kitenge akanirudisha chini, akasema bismillahi, akausogeza mnofu wa samaki upande wangu. Nikaurudisha kwake. Akasema niache ujinga, chakula kinapoa, na akala.